Chupa na bomba au peni ya insulini, kwa sisi wenye sukari na baridi yabisi

Kuna dada tulikaa naye benchi moja kliniki wiki iliyopita, ana sukari aina ya kwanza toka yuko shule ya msingi na sasa vidole vimeanza kuvimba, akaniuliza ahamie kwenye peni ya insulini au abaki na chupa na bomba la sindano. Nesi alikuwa ameshaniita, nikamjibu haraka "chukua peni mdogo wangu" nikaingia ndani. Toka siku hiyo jibu lile linanisumbua maana halikutosha na kuna mahali halikuwa sahihi, kwa hiyo nalieleza hapa vizuri, kwake na kwa wengine ambao najua wapo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Sukari ilinianza nikiwa na miaka 14, baridi yabisi ikaja nikiwa na 33. Haya magonjwa ni ndugu, yote mawili ni kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kwenye sukari aina ya kwanza inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kwenye baridi yabisi inashambulia ule utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Ndiyo maana ukiwa na moja uwezekano wa kupata la pili unaongezeka, sio kwamba ulikula vibaya wala kwamba ulifua na maji ya baridi ya mlimani. Hili jina la baridi yabisi linatuponza sana, mtu anavimba vidole miezi sita watu wanamletea sweta na soksi badala ya kumpeleka hospitali, na huku viungo vinaliwa.

Sasa tuanze na chupa. Ndiyo wengi tunayopewa kwenye hospitali za serikali na ukihesabu bei kwa uniti ndiyo nafuu. Ina mililita 10, kila mililita uniti 100, kwa hiyo jumla uniti 1000. Kwa mkono mzima ni kazi ya dakika moja tu. Kwa mkono wa baridi yabisi hebu ihesabu hatua kwa hatua: kama ni ile ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja), nyeupe kama maziwa, unaizungusha taratibu katikati ya viganja mara kumi hivi bila kuitikisa, unafuta mpira wa juu, unavuta hewa kwenye bomba sawa na dozi yako, unachoma mpira, unasukuma hewa, unageuza chupa kichwa chini, na hapo ndipo penyewe, mkono mmoja unatakiwa ushike chupa na bomba kwa pamoja na mwingine uvute kile kijiti chembamba kwa gumba na kidole cha shahada, ugonge mapovu yapande, urudishe, uvute tena mpaka kwenye mstari. Yaani kubana kitu chembamba kwa vidole viwili ndiyo kazi ambayo viungo vilivyovimba vinaikataa kabisa. Alafu mistari yenyewe, kwenye bomba la mililita moja mara nyingi kila mstari ni uniti mbili, mkono ukitetemeka ukakosea mstari mmoja umeshakosea uniti mbili. Bomba la nusu mililita lina mstari kwa kila uniti, kama dozi yako haizidi 50 ulizia hilo.

Na haya yote yanatakiwa kufanyika asubuhi, wakati ambao mikono yetu ni mibaya kuliko saa yoyote. Vidole vinaamka vimekakamaa na vinakaa hivyo saa nzima au zaidi kabla havijalegea, na insulini ya asubuhi haisubiri, chai haisubiri, watoto wanaenda shule.

Mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa jikoni saa kumi na mbili asubuhi, simenti ya baridi chini ya miguu, chupa nimeifungua jana yake tu. Nilipoigeuza kichwa chini mkono wa kushoto ukaachia. Sikuhisi hata ikiteleza, nilisikia mlio tu. Vioo vidogo vidogo kila mahali na ile harufu ya insulini, ukishaijua huisahau, kama plasta mpya ya kidonda, ikajaa jikoni. Uniti mia tisa na kitu chini. Binti yangu akatoka chumbani akanikuta nimechuchumaa naokota, akasema "mama acha, usiguse", na mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, sijachoma na sukari inapanda. Nilichoma saa tatu asubuhi, baada ya kijana wa boda kurudi na nyingine kutoka famasi. Siku nzima ile sikukaa sawa, na hela ya chupa ile ilikuwa ni ya kununulia vitambaa vya mteja.

Toka hapo nilijifunza kuishi na chupa kwa namna nyingine. Chupa siishiki tena hewani, inakaa ndani ya kipande cha godoro nilichotoboa shimo la saizi yake, kwa hiyo hata nikiigeuza kuna kitu kinene cha kushika na ikianguka haivunjiki. Kwenye bomba nimezungushia kipande cha mpira wa tairi ya ndani ya baiskeli, unapata kwa fundi baiskeli yeyote bure, haitelezi. Mpira usifunike mistari tu. Na kwa wiki zile mbaya kabisa binti yangu ananivutia dozi ya asubuhi usiku kabla ya kulala, bomba linalala kwenye friji sindano ikiwa imeangalia juu ili chembe zisizibe njia, asubuhi nalizungusha taratibu kwenye viganja mpaka weupe urudi sawasawa ndio nachoma. Dozi ya usiku mmoja tu, na anayevuta awe amefundishwa na nesi na wewe uikague uniti kabla hujachoma. Hii inasaidia sana, lakini inamaanisha unategemea mtu, na binti yangu mwakani anaenda bweni.

Peni sasa. Peni ina mililita 3, uniti 300, unazungusha kitufe cha nyuma mpaka namba yako inatokea kwenye kidirisha, unachoma, unabonyeza. Hamna kuvuta, hamna mapovu ya kugonga, hamna kioo cha kukaza macho, na ikianguka mara nyingi haivunjiki ingawa uikague kabla ya kuitumia tena. Peni za kwanza zilitoka Denmark mwaka 1985, ukifikiria insulini yenyewe ilichomwa kwa mtu mara ya kwanza Januari 1922 kule Toronto, kwa kijana wa miaka 14, umri uleule niliokuwa nao mimi nilipoanza, basi ni zaidi ya miaka sitini watu walikuwa wanavuta kwenye chupa tu na mikono yao ilivyo.

Ila peni nayo ina vidole vyake na hapa ndipo nilipomjibu vibaya yule dada. Sindano ya peni inakuja na karatasi ndogo unayotakiwa kuibandua, kijinywele cha karatasi, alafu unaikaza kwa kuzungusha, unatoa kifuniko kikubwa, unatoa kifuniko kidogo cha ndani ambacho ni kama punje ya mchele ndefu. Kukitoa hicho kidogo ukiwa na vidole vimevimba ni kazi. Mimi natumia kikoleo kidogo cha nyusi kubandua karatasi na kutoa kifuniko cha ndani, meno sitaki, kuna mama nilimwona anatumia meno akajichoma mdomo. Ukimaliza unarudisha kifuniko kikubwa unaifungua sindano unaitupa kwenye kopo gumu, usiiache imekaa kwenye peni, dawa inavuja na hewa inaingia.

Cha pili ni gumba. Peni inabonyezwa na gumba, na ukishabonyeza mpaka sifuri unaendelea kushikilia unahesabu mpaka kumi ndio unachomoa, la sivyo tone linabaki nje. Na kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo kitufe kinavyotoka mbali zaidi, kwa hiyo anayechoma uniti 40 gumba lake linanyooka sana kuliko wa uniti 10. Kwa wengine gumba ndilo lililoharibika kuliko vidole vyote. Jipime hivi kabla hujatoa hela: chukua peni ya wino ya kubonyeza, ukiamka tu, kabla hujanawa, kabla mikono haijapata moto, ishike kwenye ngumi kichwa kikiangalia tumbo, bonyeza kwa gumba na ushikilie mpaka kumi bila kuachia. Ikikushinda, jaribu kubonyeza kwa kiganja cha mkono wa pili. Zote zikikushinda peni haitakusaidia wewe peke yako, omba kliniki wakuonyeshe ya mfano uishike kwa mkono wako.

Kuna peni za kutupa zikiisha na kuna za kudumu unazobadilisha katriji. Kwa sisi ya kutupa ni bora ingawa ile ya kudumu ni nafuu, maana kubadilisha katriji ni kufungua, kutoa, kurudisha kile chuma cha kusukuma dawa, kukaza, vidole vitupu. Na jamani usivute insulini kutoka kwenye peni kwa bomba. Najua watu wanafanya sindano za peni zikiisha, hewa inaingia na dozi inayofuata kwenye hiyo peni inakuwa sio ya kuaminika.

Hesabu sasa, maana hapa wengi tunapotea. Tuseme unachoma 20 asubuhi na 12 jioni, jumla 32 kwa siku. Chupa ya 1000 ingekufikisha siku 31, lakini ikishafunguliwa nyingi zinatakiwa kutumika ndani ya wiki nne hivi, soma karatasi ya ndani, kwa hiyo chupa moja kwa mwezi inamaliziana vizuri tu. Kwenye peni kila ukichoma unatakiwa kwanza utoe uniti 2 hewani kuona tone, kwa hiyo siku inakuwa 36, peni moja ni siku 8, mwezi ni peni nne. Na sindano zake 60 juu. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli ya hela, sio bei iliyoandikwa kwenye boksi. Kabla hujahama zunguka famasi tatu uliza sindano za peni zipo mwaka mzima au zinakuja na kupotea, maana peni bila sindano ni plastiki.

Nilidhani nitakuwa mjanja, nikachoma asubuhi kwa peni na jioni kwa chupa. Haikubali. Uniti 12 za jioni kwa siku 28 ni 336, zilizobaki zaidi ya 600 unamwaga. Nilimwaga miezi miwili ndio nikaelewa.

Kilichonifaa ni kugawa kwa majira badala ya kugawa kwa saa. Chupa ndiyo ya mwaka mzima, na peni mbili zinakaa friji hazijafunguliwa, zikiwa hazijafunguliwa zinakaa mpaka tarehe ya kuisha iliyoandikwa, ilimradi ziwe kwenye nyuzi 2 mpaka 8 na mbali na barafu, ikiganda tupa. Viungo vikichachamaa, au mwezi wa sita mpaka wa nane ambapo mikono yangu inachelewa kulegea, natoa peni. Baridi haileti ugonjwa huu lakini wengi tunasikia ukakamavu zaidi siku za baridi, na dada wa Arusha mnajua zaidi yetu, nyie mpo kama mita 1400 juu. Daktari wangu nilimshirikisha kwanza, aina ni ileile ya mchanganyiko, uniti zilezile. Usichanganye aina mbili kwa sababu tu boksi zinafanana rangi.

Kwa hiyo yule dada ningemjibu tena hivi: kama mikono inakukataa siku nyingi za mwezi na gumba linafanya kazi na hela ya peni nne ipo, nenda peni moja kwa moja. Kama mikono inachachamaa kwa vipindi, baki na chupa weka peni ya akiba. Kama gumba limekufa, chupa yenye mtu wa kukuvutia ni salama kuliko peni. Na kama huna friji na unakaa huku chini Njoro au Pasua ambako mwezi wa kwanza na wa pili joto linapita 30, chungu chenye mchanga wa majimaji kivulini kinapunguza joto, na peni ndogo inaisha haraka kabla dawa haijachoka, hiyo nayo ni faida yake.

Kuna ulinganisho mwingine ambao hatuchagui wenyewe lakini lazima tuuelewe, maana ndio unaoamua dozi zote za insulini nilizozitaja hapo juu. Ni wa dawa mbili za baridi yabisi, prednisolone na methotrexate. Prednisolone inafanya kazi haraka, mwaka 1948 kule Mayo Clinic Marekani mgonjwa wa baridi yabisi alipopewa kotisoni, ndugu yake prednisolone, mara ya kwanza, mtu aliyekuwa anashindwa kutembea alitembea ndani ya siku chache, na ukiinywa utaelewa kwa nini. Lakini inapandisha sukari, hasa mchana na jioni ukiinywa asubuhi, kwa hiyo unapima asubuhi uko 7 (mmol/L) unafurahi, saa kumi jioni uko 18. Lazima insulini iongezwe, na prednisolone ikipunguzwa insulini ipunguzwe nayo, wengi wanasahau hapo ndio wanazimia usiku. Usiiache ghafla ukiwa umeinywa muda mrefu. Na sindano ya kwenye kiungo ni hiyohiyo familia moja. Zahanati moja walinichoma kwenye kiwiko wakajua kabisa nina sukari, hawakuniambia kitu, siku nne nilikuwa na 20 na kitu nikidhani insulini imeharibika, nikatupa chupa nzima. Inaniuma mpaka leo, neno moja tu lingetosha.

Methotrexate ni polepole, wiki sita mpaka kumi na mbili kabla hujaona kitu, ila yenyewe haipandishi sukari na ndiyo inayolinda viungo visiliwe. Inanywewa MARA MOJA KWA WIKI. Mtu akiinywa kila siku kwa makosa inaweza kumuua, mwambie kila mtu nyumbani, andika siku kwenye boksi kwa kalamu nene. Foliki asidi inakwenda nayo kama daktari alivyopanga, vipimo vya damu na ini usiviruke, ujauzito hapana kabisa, na mbege hapana, najua kwenye ngoma na misiba huku kwetu kukataa mbege ni kama kukataa watu, lakini ini lako halijui heshima. Mimi nakunywa Jumamosi usiku ili kichefuchefu kikija kije Jumapili. Na hapa sukari inaingia: insulini ya mchanganyiko ukishachoma lazima ule, sasa umechoma na tumbo linakataa chakula. Jumapili napima kwanza, naonja mtori mwepesi, nikiona umekaa ndio nachoma. Muulize daktari wako siku hiyo ufanyeje, usije ukaacha insulini kabisa, aina ya kwanza hatuachi insulini hata siku moja.

Dawa za maumivu za dukani, diclofenac na ibuprofen, zinalegeza mikono lakini figo zetu zinashambuliwa na sukari tayari. Uliza kwanza, na pima figo kila mwaka.

Kupima sukari nalo lina uchaguzi wake, nitasema kwa ufupi. Mashine ya kawaida ni nafuu ila kopo la stripu lina kifuniko kigumu na stripu zenyewe nyembamba, mimi namwaga kiganjani juu ya kitambaa kikavu nachukua moja narudisha haraka. Toboa pembeni ya kidole sio katikati, na osha mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza, damu inatoka bila kuminya na viungo vinalegea kwa wakati mmoja. Sensa ya kubandika mkononi siku 14 ingekuwa ndoto kwetu, hakuna kutoboa, ila bei yake kwa wengi wetu haibebeki mwezi kwa mwezi, kama kuna ndugu nje anauliza akuletee nini mwambie hiyo. Na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) mkumbushe daktari kama una upungufu wa damu, baridi yabisi inauleta sana na namba inaweza kudanganya.

Kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyeniambia ni sukari ikishuka wakati mikono imekakamaa. Chini ya 4 unatakiwa upate vijiko vitatu vya chai vya sukari au nusu glasi ya soda mara moja, upime tena baada ya dakika 15. Nilikuwa na soda ya chupa kando ya kitanda, usiku mmoja nimeshuka, natetemeka, vidole havikunji, kifuniko hakifunguki, nikabaki naibana kwa magoti. Sasa hivi kando ya kitanda kuna kikombe cha plastiki chenye sukari ndani na kisosi juu yake, hakuna cha kuzungusha, hakuna cha kubana, na kingine kama hicho kipo chini ya meza ya cherehani.